Vyumba Sita, Pasua

Nilifundisha hesabu miaka thelathini na moja.
Tangi linajazwa na bomba moja,
linavuja kwa matundu mawili:
litajaa baada ya saa ngapi?
Watoto walikuna vichwa. Mimi nilikuwa na majibu
nyuma ya kitabu.

Leo ibada imekwisha, mvua inapiga bati,
nimegeuza kalenda ya mwaka jana upande mweupe,
na tangi ni langu.

Kinachoingia: vyumba sita kwa elfu hamsini,
laki tatu kwa mwezi,
milioni tatu na laki sita kwa mwaka.
Ndivyo alivyoniambia Ndetaramo siku ya msingi,
amekanyaga mchanga wangu kwa viatu vya kanisani:
"Shemeji, nyumba haili, haiugui.
Nyumba inakulisha umelala."

Inakula, shemeji.
Inakunywa maji ya elfu thelathini kila mwezi.
Inaugua tumbo mara mbili kwa mwaka,
na gari la kunyonya haliwashi pampu
kabla ya kuona elfu tisini mkononi.
Aprili ilitoka jasho darini: mabati manne, misumari,
fundi na chakula cha fundi, laki mbili na kumi.
Rangi, laki moja na thelathini na mbili,
kwa sababu mtoto wa namba tatu
alichora ng'ombe kutoka mlangoni hadi bafuni
(ng'ombe mzuri, kwato zote zipo, lakini ng'ombe).
Kodi ya jengo imejibanza ndani ya umeme kama kupe,
elfu moja mia tano, kila mwezi, haina haraka.
TRA laki tatu; wao angalau wametoa risiti.
Dalali Kisoka kameza mwezi mzima
kwa kuonyesha watu dirisha.
"Chumba chenye Kibo," anasema,
na Kibo chenyewe hakijajitokeza tangu Machi.

Namba nne ilikaa tupu miezi mitatu.
Chumba kitupu hakigombi, hakijazi choo:
laki na nusu ikaondoka bila kuaga.
Namba mbili, Hatibu fundi redio,
anadaiwa miezi minne.

Nikajumlisha, nikatoa,
nikarudia kwa kalamu nyekundu.
Milioni mbili.

Mafao yangu, ng'ombe wawili wa maziwa
na kile kipande cha Kibosho
viliingia ardhini milioni thelathini na nane.
Gawanya kwa mbili.
Nina miaka sitini na mitatu.
Nyumba itamaliza kunilipa nikiwa na themanini na miwili;
siku hiyo nitafungua soda kwa meno, yakiwapo.
Na bado sijaandika mshahara
wa anayefagia uwanja, anayezibua mtaro,
anayeamshwa saa nane za usiku
kuamua kesi ya kamba ya kuanikia.

Nikachukua mwavuli, nikaenda namba mbili
na sentensi yangu mdomoni, ya kiwalimu,
yenye kiima na kiarifu.

Hatibu akanipa stuli. Akasogeza matumbo ya redio.
Akatoa daftari, lake, mistari ya rula:

Kitasa cha geti, 12,000.
Balbu ya koridoni, mara tano, 15,000.
Koki ya uwanjani, 9,500.
Saruji ya mtaro, mfuko mmoja, 17,000.
Kulinda namba nne isivunjwe, usiku tisini,

na pale pa bei ameacha wazi.

"Mwalimu," akasema, "hapo nimekwama.
Usiku mmoja unakwenda kwa shilingi ngapi?"

Elfu hamsini na tatu na mia tano, kichwani,
kabla hajafunga mdomo: mwezi mmoja na chenji.
Hiyo nilijua.

Ile nyingine, nikaomba kalamu, nikaishika.
Kisha, kwa mazoea tu,
nikafunua daftari nyuma kabisa.
Palikuwa na orodha ndefu
ya redio zilizotengenezwa zikapona
na wenyewe hawakurudi kuzichukua.